Usukani Ukianza Sindimba

Ngoma hii huanza bila mpigaji. Gari limetoka gereji juzi, limeinuliwa inchi 2, springi mpya, shokapu mpya, matairi ya inchi 33 yenye meno ya mamba. Linapendeza mpaka watoto wa Kisongo wanalipungia mkono. Umepita Makuyuni, umeshika njia ya Mto wa Mbu, mshale uko kwenye 80, tairi la kushoto linagonga kiungo cha daraja dogo, na papo hapo usukani unaingia sindimba. Unakatika kushoto na kulia kwa kasi ambayo mikono haiwezi kuifuata. Dashibodi inapiga makofi. Chupa ya maji inaruka kutoka mahali pake. Kwenye kioo cha pembeni, ng'ombe mmoja anaonekana wanne. Nyuma, mgeni aliyekuwa akiuliza kama twiga hulala amesimama, ameliacha swali lake njiani.

Wamarekani huuita mtikisiko wa kifo. Mimi umenikuta mara mbili katika miaka yangu ya kubeba wageni kwenda Serengeti, na mara zote mbili nilishuka garini magoti yakiwa hayana nguvu. Naandika mwongozo huu kwa sababu ugonjwa huu unatibika, na kwa sababu madereva wenzangu wengi wanauziwa dawa isiyo yake.

Tuanzie hapohapo barabarani, maana gari lililo mtaroni halina mwongozo. Mguu utoke kwenye mafuta. Mikono yote miwili iwe kwenye usukani, lakini vidole gumba vikae juu ya duara, visiingie ndani, kwa kuwa usukani unaocheza una nguvu za kutegua kidole. Ushike kama unavyomshika mtoto anayelia: usimwachie, usimbane. Breki usiikanyage kwa hofu. Breki kali huhamishia uzito mbele, na mbele ndiko kwenye fujo. Iguse kidogokidogo huku mwendo ukishuka. Ukifika 40, mara nyingine 30, ngoma hukatika kama mtu kachomoa waya. Washa taa za tahadhari, toka kabisa barabarani, shuka. Kagua nati za magurudumu ya mbele na nati za viungo vya usukani, pamoja na vile vipini vidogo vinavyozizuia zisifunguke. Vyote vikiwepo, endelea polepole hadi penye fundi. Kimoja kikikosekana, safari imeishia hapo, na mgeni aambiwe ukweli.

Sasa tumjue mchezaji mwenyewe. Land Cruiser za mfululizo wa 70, Land Rover Defender na Nissan Patrol za zamani, na Suzuki Jimny zina undugu mmoja: ekseli ya mbele ni boriti moja ya chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu. Tunayapenda magari haya kwa ajili ya boriti hiyo. Tairi moja likipanda jiwe, jingine linasukumwa chini likatafute ardhi. Lakini ni boriti hiyohiyo inayoyafanya magurudumu mawili yawe wachezaji walioshikana mikono, mmoja akiyumba mwenzake hana hiari. Gari dogo ambalo kila gurudumu lake la mbele linajitegemea linaweza nalo kutetemesha usukani, ila ile ni ngoma ya chumbani. Hii yetu inafunga mtaa.

Siku zote kinachowatuliza wachezaji hawa ni mlalo wa kingipini, yaani ule mstari unaopita kwenye maungio mawili, la juu na la chini, ambayo gurudumu hukatia kona. Mafundi huuita mlalo huo kasta. Itazame baiskeli ya muuza maziwa. Uma wake wa mbele haukusimama wima, umelala kwa nyuma upande wa juu, na ndiyo maana kijana anaweza kuachia mikono akashuka mteremko akimenya chungwa, baiskeli ikaenda moja kwa moja. Gurudumu linajirudisha lenyewe katikati. Gari lako linafanya vivyo hivyo, hadi siku unapoliinua.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Tangu 1999 Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 zina springi za koili mbele, na ekseli imeshikwa na mikono miwili ya chuma inayorudi nyuma hadi kwenye chesisi. Tuseme mkono una urefu wa mita 1. Ukiinua chesisi milimita 50, yaani zile inchi 2 zako, mkono unainama na ekseli nzima inazunguka nao karibu digrii 3. Kasta ya kiwandani kwenye magari ya namna hii ni digrii chache tu. Umeenda kununua urefu, na bila kujua umelipia kwa utulivu.

Hapo pana jambo linalowachanganya sana madereva wa utalii. Gari linatikisika likiwa tupu, likienda uwanja wa KIA kupokea wageni. Wageni na mabegi wakishapanda, linatulia kama kondoo. Fundi analijaribu likiwa na mzigo, haoni kitu, anakurudishia ufunguo. Sababu yake ni mgongo. Springi za nyuma zilichaguliwa kwa ajili ya uzito, kwa hiyo gari tupu hunyanyuka kwa nyuma. Nyuma ikipanda milimita 50 kwenye gari lenye mita 3 kati ya ekseli na ekseli, mwili wote unainamia mbele karibu digrii 1, na digrii hiyo inakatwa kwenye kasta ileile iliyokwisha kupunguzwa. Basi ukimpelekea fundi gari, mpelekee likiwa katika hali liliyotikisika nayo. Kama lilikuwa tupu, liende tupu.

Pamoja na hayo yote, usiikimbilie kasta. Anza na tope.

Nasema hivi kwa moyo wote, kwa kuwa moja kati ya ngoma zangu mbili ilikuwa tope tupu. Tulikuwa mbugani wakati wa masika, gari likazama, tukalitoa, tukalala. Asubuhi tope jeusi lilikuwa limekauka ndani ya rimu kama saruji, bonge la ukubwa wa ngumi upande mmoja wa gurudumu. Balansi ya tairi hupimwa kwa gramu. Bonge lile lilikuwa na mamia yake. Bisibisi na ndoo mbili za maji zilimaliza kazi ambayo ningeweza kuilipia mshahara wa mwezi. Kwa hiyo lala chini, chungulia ndani ya rimu zote nne, kwangua, osha. Kisha pima upepo asubuhi, matairi yakiwa ya baridi, maana ulilolipunguzia upepo lipite mchangani pengine hukulirudishia. Kisha hamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Mtikisiko ukihama kutoka mikononi ukaenda makalioni, tatizo ni tairi au rimu, na fundi wa balansi atakumalizia.

Ipo tofauti ya kuijua hapa. Tairi lisilo na balansi hutetemesha usukani kwenye mwendo fulani hata barabara ikiwa laini kama meza, na ukiupita mwendo huo linaweza kunyamaza. Sindimba yenyewe husubiri kishindo, shimo au kiungo cha daraja, na ikishaanza haiondoki mpaka mwendo ushuke. Lakini usizitenge sana hizo mbili. Tairi bovu linaweza kuwa ndilo linaloita, na ulegevu mahali pengine ndio unaoitikia.

Ulegevu huo ndio moyo wa mwongozo wangu. Kuinua gari peke yake mara nyingi hakuleti ngoma. Kuinua hukuta bushi iliyokwisha kuchoka, kiungo kilichokuwa kikivumilia, beringi iliyokuwa inasubiri siku yake, kukavitwisha vyote mzigo mpya kwa pembe mpya, pamoja na matairi mazito kuliko yale ya kwanza. Ulegevu hautafutwi kwa pochi. Unatafutwa kwa mkono.

Unahitaji rafiki mmoja na mkeka. Gari liwe chini, juu ya magurudumu yake yote, gia huru, breki ya mkono imevutwa, kabari nene za mbao mbele na nyuma ya matairi. Injini iwashwe ili usukani uwe mwepesi. Rafiki azungushe usukani kushoto, kulia, kushoto, kulia, haraka, robo mzunguko tu, asichoke. Wewe umelala chini ubavuni, tochi mkono mmoja, mkono wa pili unapapasa kiungo kimoja baada ya kingine, kama mkunga, ukiviweka vidole mbali na mahali panapofunga na kufunguka. Kiungo kizima hakisemi kitu. Kilichochoka kinakugonga kidoleni kabla sikio halijasikia.

Mshukiwa wa kwanza awe fimbo ya panhadi. Ni ile fimbo ndefu inayokatiza gari kwa upana, mwisho mmoja kwenye chesisi, mwisho wa pili kwenye ekseli, na kazi yake ni kuizuia ekseli isiende pembeni. Tazama mwisho wake wa chesisi rafiki yako anapozungusha. Kama chesisi inakwenda kwanza na fimbo inafuata baadaye, hata kwa unene wa kucha, umempata mpigaji uliyedhani hayupo. Ama bushi imekatika, ama tundu la bolti limekuwa yai.

Tundu la yai ndilo lililonitoa jasho mara ya kwanza. Nikamwonyesha fundi.

"Fundi, hapa pamelegea."

"Kaka, hapo nimekaza mpaka spana imelia."

"Spana imelia kwa sababu nati imefika mwisho wa nyuzi. Fimbo bado ina nafasi. Ingiza kidole uone."

Akaingiza kidole, akanyamaza, akachukua bolti aliyokuwa ameifunga na kuilinganisha na tundu. Bolti ilikuwa nyembamba. Mtu alipoteza ile ya kwanza akaweka iliyo karibu. Fundi yule, namshukuru hadi leo, hakubishana tena. Alilikata eneo lililolika, akachomelea chuma kipya chenye tundu sahihi, akatafuta bolti yenye kipimo chake. Kisha akafanya jambo ambalo gereji iliyoinua gari haikulifanya: alilishusha gari kwenye magurudumu yake ndipo akakaza. Bolti za bushi za mpira zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, mpira unafungwa ukiwa umesokotwa, na gari likishuka unabaki umesokotwa hivyo siku zote. Huchanika kabla ya msimu kuisha. Kama unaondoka na neno moja tu hapa, mwambie fundi wako: shusha, ndipo ukaze.

Fimbo hiyo ina jambo la pili. Gari likipanda, fimbo inainama, na kwa kuinama inaivuta ekseli nzima kuelekea upande ilikofungwa kwenye chesisi. Ndiyo maana gari lililoinuliwa linaweza kuonekana tairi moja limechomoza kuliko jingine. Dawa yake ni fimbo inayorefushwa kwa kuzungushwa. Lakini wengine huichomelea fimbo mahali papya, chini zaidi, bila kuigusa fimbo ya pili inayotoka kwenye boksi la usukani kwenda gurudumuni. Fimbo hizo mbili zilizaliwa ziende sambamba kama reli. Zikipishana pembe, kila tuta litakuzungushia usukani bila kukuomba.

Ukimaliza fimbo, papasa tairodi na ncha zake zote, kisha nyanyua mbele na uweke stendi imara. Jeki peke yake haitoshi mtu kuingiza kichwa. Shika gurudumu kushoto na kulia, tikisa. Likicheza hapo, rudi kwenye tairodi. Shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mwambie rafiki akanyage breki huku unaendelea. Mchezo ukipotea, ni beringi za habu. Ukibaki, ni beringi za kingipini, na hizo ndizo mafundi wengi huziruka kwa kuwa zimejificha ndani ya lile duara la chuma lenye grisi. Magari yetu yanavuka mito. Maji yanapita kwenye mpira uliochakaa, grisi inageuka uji, beringi inakula kiti chake. Kingipini haitakiwi kuzunguka kwa ulaini wa mlango uliotiwa mafuta. Inatakiwa iwe na ukinzani kiasi, na ukinzani huo hupimwa kwa mizani ya ndoano, jamaa ya ile ya muuza samaki, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hupunguzwa na kuongezwa kwa vibati vyembamba. Fundi anayetumia mizani ile mtunze, mpe chai, usimpoteze.

Boksi la usukani lina skrubu ya kurekebishia, na skrubu hiyo inawatamanisha watu. Waambie waiache kwanza. Ikikazwa kupita kiasi usukani unakuwa mzito, haurudi wenyewe kona ikiisha, na ugonjwa unaendelea kulekule chini.

Hapo ndipo kasta inapopata zamu yake. Nenda kwenye mashine ya alaimenti ukiwa umekwisha ondoa ulegevu wote, na uombe karatasi yenye namba, kabla na baada. Kama kasta imepungua, kwenye gari la koili zipo bushi ambazo tundu lake halipo katikati, zinazoirudisha ekseli nyuma digrii kadhaa. Ipo pia mikono iliyopindwa kwa kazi hiyo, na mabano ya kushusha ncha ya mkono kwenye chesisi. Kwenye gari lenye springi za bapa mbele, kazi hiyo hufanywa na kabari ya chuma kati ya springi na ekseli. Usiwe na pupa ya kuongeza. Kila digrii unayoilaza ekseli inainamisha pia mdomo wa difu ya mbele, na propela inapata pembe mbaya. Kwenye gari ambalo propela ya mbele inazunguka muda wote, kama Defender, utakuwa umeondoa mtikisiko wa usukani ukaleta mngurumo wa sakafu.

Matairi ya mbele nayo yapimwe jinsi yanavyotazamana, na hilo unaweza kulifanya nyumbani. Chaki katikati ya kila tairi, kwa mbele na kwa nyuma, futikamba, na rafiki yako yuleyule. Umbali wa mbele na wa nyuma hutofautiana kwa milimita chache tu, kwa kiasi kilichomo kitabuni. Ukikuta sentimita mbili, gari lako limekuwa likitembea kwa matege.

Nimeichelewesha dampa kwa makusudi. Dampa ya usukani ni shokapu ndogo iliyolala kwa upana, inayomeza vishindo visifike mikononi. Ni kifaa kizuri. Lakini kwenye ngoma hii dampa ni panadol: homa inashuka, malaria inabaki. Gereji moja iliniuzia ya kwanza, nikatulia wiki tatu. Ikaniuzia ya pili, nene zaidi, nikatulia miezi miwili, na muda wote huo lile tundu la yai lilikuwa linapanuka kimyakimya, na mimi nikiwa nimebeba watu. Hasira yangu juu ya jambo hilo haijaisha. Gari lenye viungo vizima linapaswa kwenda sawa hata dampa ikiwa imechoka. Kwa hiyo kagua yote, ndipo uweke dampa mpya.

Na urefu wenyewe tuuzungumze. Kenya kuna shindano la Rhino Charge, lililoanza 1989 kuchangia uhifadhi wa milima ya Aberdare, ambapo gari linatakiwa kuvifikia vituo 13 ndani ya saa 10 kwa kutembea umbali mfupi kuliko wenzake. Mle magari yanapanda mawe na kuteremkia makorongo, na urefu una kazi. Gari la kubeba wageni lina kilomita nyingi za lami hadi geti la Loduare kabla ya kukutana na ile barabara ya Ngorongoro iliyojikunja kama bati. Kwa kazi hiyo inchi 2 ni nyingi, na rimu zilizochomoza nje ya mwili zinampa kila mchezaji mkono mrefu wa kuutikisia usukani. Mwenye gari akisema anataka inchi 4 lipendeze kwenye picha, mwulize nani atakuwa ameshika usukani.

Kazi ikiisha, lirudishe gari kwenye ngoma yake. Mimi nilirudi kwenye daraja lilelile, asubuhi mapema, bila mgeni, fundi akiwa kiti cha pembeni. Nilipita kwa 50, nikageuza, nikapita kwa 60, nikageuza, kwa 70. Watoto wawili wenye mbuzi walikaa kwenye ukingo wakituhesabia. Kwa 80 tairi la kushoto liligonga kiungo, usukani ukaguna mara moja mikononi, ukatulia. Fundi hakusema neno. Alifungua boksi la dashibodi, akatoa kalamu, akaandika kilomita za siku ile kwenye kipande cha katoni, na chini yake akaandika zingine, 500 mbele, za kuzikaza nati zote upya.